Waliyosema Wanawake Nyuma ya Wilf

Kaeni, wanangu. Roy, acha kusimama hapo dirishani kama polisi wa zamu, vuta kiti. Na wewe Glenys, iache hiyo chai ipoe, hakuna aliyewahi kufa kwa chai baridi, na mimi kitakachoniua kinajulikana. Daktari amenipa siku, hakunipa wiki, na siku zangu sitaki kuzimalizia katika kuulizwa kama mto umekaa sawa. Nisikilizeni hadi mwisho bila kunikatiza, maana pumzi niliyo nayo inatosha jambo moja tu, na jambo lenyewe mnalijua wote wawili, mmekuwa mkilikwepa tangu Februari kama watu wanavyokwepa dimbwi mlangoni pao wenyewe.

Mepesi niyamalize kwanza. Nyumba hii ya Mtaa wa Inkerman ni ya Glenys, ndiye aliyenifulia na kunilisha, na Roy usikunje uso, wewe unayo yako yenye gereji. Saa ya ukutani ya baba yako ni yako, na kipande cha bustani kule nyuma ya reli, na banda lake na zana zote zilizomo, hata ile koleo yenye mpini uliopasuka ambayo alikataa kuitupa. Seti ya vikombe vya maua mpe mkeo. Judith amevitazama vikombe vile miaka thelathini, kila Jumapili ananiambia, "Vizuri sana hivi, mama," nami najifanya sisikii. Kilikuwa kiburi tu. Mwambie nampa kwa moyo mweupe, na mwambie niliyatamka hayo kabla sijamtaja babu yake, asije akadhani ni vya kumfutia machozi.

Sasa tuingie penyewe.

Mnakumbuka gazeti la hapa lilivyoandika majira ya baridi: kichekesho cha wakati wa vita kilichosahaulika chapatikana. Bi Lomax, yule mwalimu mstaafu wa chama cha filamu za zamani, alipewa mikebe mitano iliyotolewa chini ya kitanda cha marehemu Harold Sagar, aliyekuwa akiendesha mashine ya sinema yetu ya Mtaa wa Bridge. Ndani ya mikebe ile mlikuwa na Ndoo ya Wilf, filamu iliyopigwa hapa hapa mwaka wa arobaini na mbili, ndani ya kiwanda chetu cha kufuma, na ambayo dunia nzima ilidhani haipo tena. Watu wa hifadhi ya filamu wakaisafisha, wakaileta maktaba, wakatuwekea viti na biskuti. Glenys, ulinisukuma kwenye kiti changu cha magurudumu hadi mstari wa mbele, ukaniambia, "Utajiona ukiwa msichana, mama, furahi." Nikajiona. Na wewe ukaona nilichokisema, nikasikia mkono wako unavyolegea begani mwangu, na tangu siku ile mimi na wewe hatujatazamana vizuri.

Roy hakuona kitu. Wewe Roy hujawahi kujua lugha ya midomo niliyomfundisha dada yako, na si kosa lako, hukutaka. Siku ile ulipoiba jemu ukiwa na miaka saba, mimi na jirani tulihukumu kesi yako yote kupitia vioo viwili vya madirisha, barabara ikiwa katikati, bila kutoa sauti, ukatoka na jemu shavuni ukiuliza, "Nani kawaambia?" Ukaichukia lugha ile tangu hapo. Lakini sisi hatukuijifunza kwa mchezo. Ingia kwenye banda lenye mashine mia nne za kufumia, zote zinapiga kwa pamoja, sakafu inatetemeka hadi kwenye meno. Humo ukipiga kelele unajichosha bure. Kwa hiyo tulisema kwa midomo na kwa uso mzima, taratibu, kila neno likichongwa, na mwanamke aliyesimama mashine thelathini mbali alikuelewa kuliko padri anavyoeleweka kanisani. Tuliozeshana humo, tukazikana humo, tukamsengenya msimamizi akiwa amesimama katikati yetu. Wenye ofisi hawakuijua. Kwa nini waijue? Mtu hujifunza lugha ya wale anaodhani wana la kusema.

Ada Pilling alisimama mashine za pembeni yangu. Alikuwa na miaka ishirini, mimi kumi na tisa. Hakuvuta sigara, hakuonja bia, aliimba kanisani kwa sauti nene kama ya mwanamume na tulimcheka kwa hilo, naye akicheka zaidi yetu. Januari ile vitunguu vilikuwa vimeadimika mpaka kitunguu kimoja kilichezewa bahati nasibu kiwandani, na ikifika habari kwamba vimeingia dukani kwa muuza mboga, wanawake tulichomoka mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma kwenda kupanga foleni, wenzetu wakituangalizia mashine. Meneja wetu, Bwana Ormerod, akachoka na hilo. Akaufunga mlango wa nyuma kwa kufuli, ufunguo akautia katika mfuko wa kizibao chake, akatuambia vitunguu havishindi vita.

Siku ya tisa baada ya kufuli lile, moto ukaanza katika ghala la takataka za pamba. Pamba haiungui, pamba hulipuka. Sisi wa mbele tulitoka. Ada alikuwa amepeleka gunia nyuma, akakimbilia mlango uliokuwa karibu naye, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Walimkuta pale pale, kucha zake zimevunjika.

Nipeni maji. Hapana, kidogo tu.

Ormerod alikuja nyumbani kwetu kesho yake jioni. Alikuja na karatasi. Baba yangu alikuwa amelala kitandani na pafu bovu, katika nyumba ya kiwanda, Roy, si yetu, ya kiwanda, na Ormerod akavua kofia yake kwa adabu zote akasema, "Thirza, binti yangu, kiwanda hiki kinafuma nguo za askari. Ukisema mlango ulifungwa, watakifunga na chenyewe, na askari wetu watavaa nini? Na mzee wako huyu atalala wapi?" Halafu akanionyesha pa kutia saini. Mbele ya hakimu wa uchunguzi wa vifo nikaweka mkono juu ya Biblia. Akaniuliza, "Mlango wa nyuma ulikuwa wazi?" Nikasema, "Ndiyo, bwana." Akaniuliza, "Marehemu alikuwa na mazoea ya kwenda kuvuta sigara huko?" Nikasema, "Ndiyo, bwana." Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi sikujikwaa, msinipambie. Niliuweka ulimi wangu pale kwa makusudi, neno kwa neno, na uamuzi ukatoka kwamba Ada Pilling alijiua kwa uzembe wake mwenyewe na nusura aue wenzake.

Miezi mitatu baadaye wakaja watu wa filamu. London ilikuwa imebomolewa, majumba ya kupigia picha yamechukuliwa na jeshi, basi wakatafuta kiwanda cha kweli kilichokuwa na harufu ya moto, wakapata chetu. Oneni hiyo dhihaka! Walikuja kutengeneza kichekesho cha kuzima moto, mahali ambapo chokaa ya ukuta mpya ilikuwa bado haijakauka. Wilf Tattersall, mchekeshaji wetu wa huku Lancashire, aliigiza mlinzi wa moto mvivu anayelala ndani ya ndoo yake mwenyewe, na Ormerod akaona fahari hadi akaomba naye aonekane. Wakampa nafasi. Apite katikati ya mashine, akitabasamu, akikagua, kama alivyo.

Mwongozaji alikuwa bwana mmoja mwembamba wa London, mwenye skafu, akatupanga wanawake ishirini nyuma ya Wilf. Akapiga makofi. "Akina mama, nyuma hapo ongeeni, ongeeni chochote mnachotaka, mradi midomo itembee. Mashine zitafunika, hakuna atakayesikia hata neno!"

Hakuna atakayesikia. Mtu msomi huyo, wanangu, amefunga safari nzima kuja katika nchi ya wafumaji, anawaambia wafumaji wazungumze mbele ya kamera kwa kuwa hakuna atakayesikia. Siku tatu za kwanza tulicheka hadi mbavu zikauma. Annie wa mashine za dirishani alisema juu ya suruali ya bwana skafu maneno ambayo siwezi kuyarudia nikiwa karibu na kaburi. Mwingine alisema, "Huyu Wilf ananuka bia hadi huku, mwekeni karibu na moto tuone." Wilf mwenyewe mama yake alikuwa mfumaji, alikuwa akiyaona yote, akigeuka kamera isimwone akicheka.

Siku ya nne ikawa zamu ya Ormerod. Wakamwambia asimame pa kuanzia, akasimama kwenye mashine za Ada. Hakuchagua, ndipo taa zilipoelekezwa. Na pengine hata hakujua zilikuwa za nani. Akashika ubavu wa mashine ile, akaiweka tai yake sawa, akatabasamu. Mashine zikawashwa. Ndani yangu kitu kikakatika kama uzi. Nikaanza kusema. Nikachonga kila neno, taratibu, uso wangu ukielekea kamera: Ada hakuvuta sigara. Mlango wa nyuma ulifungwa. Ufunguo ulikuwa katika mfuko wa huyu anayepita sasa. Mimi Thirza Haslam niliapa uongo. Annie akaniona, akayachukua, akayasema na yeye. Na wa nyuma yake. Na wa nyuma yake. Mpaka mstari mzima ulikuwa ukisema kitu kimoja, wanawake ishirini, na mbele yetu Bwana Ormerod anapita anatupungia mkono, na Wilf anaanguka ndani ya ndoo. Bwana skafu akapaza, "Safi sana! Nyuso gani hizo! Tunaichukua hiyo!"

Filamu ikafika Oktoba. Huko London, tuliambiwa, waliiona si kitu. Huku ilikuwa mambo mengine. Jumatatu ile sinema ya Mtaa wa Bridge ilijaa wafumaji watupu, watu wanacheka mahali ambapo hakuna kichekesho, wanajipiga mapaja kwa maneno ya Annie, na Sagar huko juu kwenye chumba chake cha mashine anashangaa wanamcheka nani. Halafu ikafika sehemu yetu. Kicheko kikazimika ukumbi mzima kwa mara moja. Wilf anaruka, Wilf anatapatapa, na hakuna anayecheka.

Mama yake Ada alikuwa mstari wa nne. Bi Pilling alifuma miaka arobaini, mashine zikamla masikio yote mawili; hakusikia hata neno moja la Wilf, alikuja kuwatazama marafiki wa mwanawe tu. Akasimama. Viziwi hawajui ukubwa wa sauti zao. Akasema, na barabarani walimsikia, "Kumbe ulifungwa? Ulifungwa?"

Jumanne na Jumatano watu walikuja kwa treni kutoka miji ya bonde zima. Alhamisi msimamizi mmoja, mume wa mfumaji, akamweleza Ormerod kile alichokuwa amepita mbele yake akitabasamu. Jumamosi filamu ikaondolewa. Alikuwa na rafiki katika kampuni iliyoisambaza. Nakala zote zikaitwa zirudi, zikayeyushwa kutolewa madini ya fedha kama ilivyokuwa desturi, na wote wakaridhika kwani hazikuwa zimeingiza kitu. Ya kwetu Sagar alisema imeungua. Filamu za zama zile ziliungua kwa cheche tu, nani angebisha? Harold Sagar, mtu aliyeitwa mwoga kwa sababu mguu wake mbovu ulimnyima jeshi, alilala juu ya baruti ile miaka hamsini na zaidi. Hakuniambia. Nami sikumuuliza.

Sasa fikeni hapa, wanangu, maana hapa ndipo penye deni langu. Jumapili iliyofuata Bi Pilling aligonga kwetu. Hakuketi. Akaniambia, "Umelisema kwa midomo, Thirza. Sasa njoo ulisemee kwa hakimu."

Nikamwambia, "Bi Pilling, nina baba mgonjwa."

Akanitazama midomo. Akasema, "Nami nina kaburi ambalo watu wanalipita wakitema mate."

Sikwenda. Baba alikufa Desemba hiyo hiyo, basi hata kisingizio kile kilidumu wiki nane tu, na bado sikwenda. Vita vikaisha, baba yenu akarudi, mkazaliwa, Ormerod akawa diwani, mimi nikafuma katika kiwanda chake mpaka kilipofungwa, na kila nilipokutana na Bi Pilling sokoni aligeuza uso wake upande mwingine ili midomo yangu isipate pa kusemea. Alikufa mwaka wa hamsini. Mficha maradhi kifo humuumbua, nacho kifo kimo ndani ya chumba hiki, basi na aniumbue mimi mwenyewe kwa kinywa changu.

Sasa nakuja kwako, Roy, nakuomba ukae, usikimbilie kwenye birika. Nimeyasikia unayomwambia dada yako kule jikoni. Kuta za nyumba hii ni nyembamba, na mimi miguu ndiyo imekufa, masikio hayajafa. Unasema, "Watu wote hao wameshakufa, mama anataka kumfukua nani?" Nakujibu. Kama waliokufa hawana haki tena, mbona Ormerod anaendelea kupata zake? Benchi la bustani ya mji lina jina lake. Kile kijitabu cha historia ya mji kinachouzwa maktaba kina mstari mmoja juu ya moto ule: ulisababishwa na sigara ya mfanyakazi mzembe. Kimechapishwa tena mwaka jana! Kwa hiyo Ormerod yu hai na Ada peke yake ndiye aliyekufa? Ukiniambia tuache yote, basi futa na benchi, futa na mstari ule, hapo tutakuwa sawa, nitakunyamazia. Huwezi. Hiyo si kuwaacha wafu wapumzike, hiyo ni kuchagua yupi apumzike.

Unasema, "Judith atauficha wapi uso wake?" Umemuuliza? Unaishi naye chini ya paa moja, hujamwambia hata neno, halafu unamsemea. Judith ni mjukuu wa Ormerod tu, hakushika ufunguo wowote. Mwanamke yule alimwuguza mama yake miaka sita bila kulalamika, wewe unadhani atavunjwa na ukweli? Unayemficha si yeye. Unajificha wewe, usije ukaonekana mtoto wa mama aliyeapa uongo. Nakuelewa, mwanangu. Nilifanya hivyo hivyo na nikawaita nyinyi kisingizio.

Na lile la tatu, ambalo hulisemi ila naliona katika mabega yako: kwamba kusubiri hakudhuru. Kunadhuru. Siku ile maktaba, baada ya chai, mlimsikia yule mtaalamu wa hifadhi ya filamu akieleza. Wanatoa diski kwa ajili ya Krismasi, na filamu ni ndefu mno. Akasema, "Ile sehemu ya mashine ina mikwaruzo mingi, tena haina kichekesho. Wale wanawake wa nyuma hawaongezi kitu. Tutaipunguza." Hawaongezi kitu! Nilitaka kusimama kwa miguu hii isiyosimama. Walipiga makofi, Glenys, na wewe ulipiga, kwa adabu. Ijumaa hii wanakata. Leo ni Jumatano. Wenzangu kumi na tisa wako makaburini, na anayebaki duniani ambaye anaweza kuwatazama wanawake wale na kusema wanasema nini ni mimi, kisha ni Glenys. Mimi naondoka. Baada ya Glenys hakuna mtu. Itakuwa filamu ya mtu anayeanguka ndani ya ndoo.

Kwa hiyo haya ndiyo maagizo yangu, na nyumba, na saa, na vikombe, vyote vimefungwa nayo. Mwanasheria ameshayapokea jana mkiwa mmekwenda kununua dawa, maana mama yenu si mjinga.

Glenys, utakaa na Bi Lomax mbele ya filamu ile, sehemu ya mashine yote, mtairudia hata mara mia, nawe utamsomea kila neno la kila mwanamke, na maneno yaandikwe chini ya picha kama wanavyoandika filamu za kigeni. Yote. Ya Annie na ile suruali, msiyasafishe. Annie hakuwa malaika na watu wakicheka watajua kwamba tulikuwa watu. Ukifika kwangu usinipunguzie. Mtapata tabu kwenye sentensi ya mwisho, kwa sababu Wilf anainua ndoo na kunifunika kidevu. Nakwambia sasa, ni hii: niliapa uongo. Mikwaruzo mnaweza kuisafisha, lakini hilo siwezi kulisema mara ya pili mbele ya kamera.

Kile nilichoapa mbele ya hakimu kimo katika kumbukumbu za wilaya. Kitolewe nakala, kichapishwe pamoja na diski hiyo, na saini yangu ionekane. Msimwache Ormerod peke yake na aibu ile, haikuwa yake yote. Yeye alileta karatasi, kalamu niliishika mimi.

Kuna wajukuu wa dada yake Ada huko Burnley. Bi Lomax ana njia ya kuwapata. Waalikwe kabla ya mtu mwingine yeyote, wakae mbele. Wakiwatukana, wasikilizeni. Wakikataa kuja, msiwafuate na maua.

Kwenye mazishi yangu asisimame mtu kusema nilikuwa mwanamke wa haki. Mwambieni mchungaji. Imbeni wimbo wowote, mtoke, mkale nyama baridi na kachumbari ya kitunguu...

Ngojeni kidogo.

Ngojeni. Pumzi inapanda ngazi siku hizi.

Nataka kuwabariki, na sijui kubariki, kwetu hatukuwa watu wa maneno hayo. Glenys, mikono yako iliyoniosha isikose wa kuiosha. Usiolewe na yule mwenye mbwa kwa kuwa umechoka kuwa peke yako, ukimpenda, haya. Roy, mwanangu wa kwanza, nilikuwa na hofu ya watu miaka yote niliyokulea, nayo ukainyonya humo humo, basi leo nakuachisha. Mungu akupe shingo ngumu. Mpende Judith kwa kumwambia. Msigombane juu ya nyumba. Msigombane juu ya... ile koleo.

Namba ya simu ya Bi Lomax iko chini ya kopo la biskuti. Si kesho. Kesho mtasema mama alikuwa na homa. Sasa, ningali nasikia.

Glenys, unalia nini, inuka upige.

Nani huyo kwenye simu... huyo si Glenys, Glenys yuko hapa, nimemshika mkono. Roy? Ni wewe uliyekwenda? Mwambie ni juu ya filamu, asifikiri nimekufa. Mwambie wasikate. Anauliza nini? Mwambie ndiyo, tuna maneno, tuna mtu wa kuyasoma... Mwambie na wewe ni nani. Sema ni mume wa nani.

Ndiyo. Hivyo hivyo.

Sasa mtajie jina la msichana, Roy. Pilling. Mtajie herufi moja moja, asije akakosea.